Barua kwa mwanangu: kinyaa na mwili katika fasihi ya Ireland

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini riwaya za Ireland unazosoma chuoni zimejaa kamasi, nyongo na maiti, na utaitumiaje nadharia ya kinyaa ya mwanafalsafa Julia Kristeva bila tasnifu yako kugeuka orodha ya uchafu.

Katika kitabu chake cha 1980, Kristeva anasema kinachotia kinyaa si uchafu wenyewe, bali kinachovuruga mpaka kati yangu na kisicho mimi. Mfano wake ni utando wa maziwa: ukigusa midomo tu, koo linakataa. Kilele chake ni maiti.

Sasa fungua Ulysses ya James Joyce (1922), sura ya kwanza, juu ya mnara ufukweni. Mulligan anaazima leso ya Stephen, kijana anayeishi naye mnarani, afutie wembe, anaitazama, kisha anaipa bahari rangi ya ile kamasi. Papo hapo anaiita bahari mama. Stephen naye akitazama ghuba ya Dublin, maji yale ya kijani yanamrudishia bakuli jeupe lililokaa kando ya kitanda cha mama yake, lenye nyongo aliyoitapika akiwa mahututi. Leso, bahari, mama, nyongo: ifuate minyororo hiyo neno kwa neno, usiruke kiungo. Hoja yako imo humo.

Wengi hukosea kwa kudhani kila uchafu ni kinyaa. Katika sura ya nne ya Ulysses, Bloom, mhusika mkuu, anapenda figo za kondoo kwa ile ladha ya mkojo ya mbali. Hapo hakuna mpaka uliotikisika. Sura ya nane anaingia mkahawa wa Burton, anaona wanaume wanavyobugia chakula, anageuka na kwenda baa ya Davy Byrne's kula sandwichi ya jibini. Mtu yuleyule, siku ileile. Kwa hiyo uliza kila mara: nani anaona, na mwili wake unafanya nini?

Usilibebeshe Kanisa Katoliki kila kitu pia. Sheria ya Ireland ya udhibiti wa machapisho ya 1929 ilikuwepo, na riwaya ya The Country Girls ya Edna O'Brien ilipigwa marufuku, lakini hayo hayaelezi sentensi ilivyojengwa.

Kwa Samuel Beckett, chukua riwaya yake Molloy (1951). Molloy anahesabu mashuzi yake: 315 kwa saa 19. Anajiridhisha kuwa haufiki hata mmoja kila dakika nne. Piga hesabu mwenyewe: ni mmoja kila dakika 3.6, yaani amekosea. Anaufunga mwili kwa tarakimu, nao unaponyoka. Sura yako ya tatu ianzie hapo.

Baba yako