Watu 384, vijiji vinne

Siku ya sita ya kukusanya data wilayani Kilosa, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi. Nikamuuliza anateka maji wapi na safari inamchukua muda gani. Kabla hajajibu, kalamu yangu ilikuwa imeshafika kwenye kisanduku. Majirani zake wote walishanijibu hivyo hivyo: kisima cha shule, nusu saa kwenda na kurudi. Nikafurahi kwamba kazi inakwenda haraka. Laiti ningesimama pale pale nikajiuliza: kama jibu la mtu huyu nalijua kabla hajafungua mdomo, ananiongezea nini kwenye utafiti?

Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nilitaka kujua kama kaya zenye mwanachama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini, zinatumia pesa nyingi zaidi kusomesha watoto. Sampuli yangu ilikuwa watu 384. Wanafunzi wenzangu wengi walikuwa na 384 hiyo hiyo, na wasomaji mliopita chuoni mnaifahamu. Inatokana na kanuni inayotaka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5: unazidisha 1.96 kwa 1.96, mara 0.25, unagawanya kwa 0.0025. Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 linaishia hapo pia, hata ukiwa na watu milioni moja. Kanuni nyingine, ya Yamane, itakupa 385 kwa watu 10,000 na 398 kwa watu 100,000.

Kanuni hizo zote zina sharti moja ambalo sikuwa nimelisoma kwa makini: kila mtu awe amechaguliwa peke yake, kwa bahati nasibu, kutoka eneo lote. Mimi nilichagua vijiji vinne vilivyo karibu na barabara, kwa sababu ya nauli, nikahoji watu 96 kila kijiji.

Niliporudi, kompyuta ilinipa nilichokitamani. Kwenye jedwali la rigresheni, yaani hesabu ya kupima jambo moja linavyohusiana na jingine, uanachama wa VICOBA ulikuwa na nyota tatu, alama ya kwamba uhusiano huo hauelekei kuwa wa bahati tu. Nikaandika sura ya nne, ya matokeo, kwa siku mbili. Kisha nikampelekea mzee mmoja mstaafu wa takwimu anipitishie macho. Hakuangalia nyota kabisa.

“Binti yangu, watu hawa umewatoa vijiji vingapi?”

“Vinne, mzee.”

Akachukua karatasi, akaandika: 1 + (96 − 1) × 0.05. Akanieleza kwamba hiyo 0.05 ni kipimo cha mfanano wa watu wa kundi moja. Kikiwa 0, majirani hawafanani kuliko watu wowote wengine. Kikiwa 1, ukimjua mmoja umewajua wote. Kwa mambo ya maisha ya kijijini 0.05 si kubwa hata kidogo, maana watu wanatumia kisima kimoja, shule moja, soko moja na mvua ile ile. Jibu likaja 5.75. Akagawanya 384 kwa 5.75, akazungushia duara namba aliyoipata: 67.

Hesabu hii si ngeni, mwanatakwimu Leslie Kish aliieneza tangu miaka ya 1960. Maana yake ni kwamba watu wangu 384 walikuwa wamebeba habari ya watu 67 hivi waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli. Programu haikulijua hilo. Ilidhani nina watu 384 wasiohusiana, ikanipa nyota kwa dhana hiyo.

Akaniambia nilinganishe wanachama na wasio wanachama ndani ya kijiji kimoja kimoja. Tofauti ikayeyuka. Vijiji viwili vyenye vikundi vingi vya VICOBA ndivyo pia vilivyokuwa na shule ya sekondari karibu. Nilichokuwa nakipima kwa miezi mitatu kilikuwa umbali wa shule.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeandaa pendekezo la utafiti sasa hivi, kabla hujagusa kanuni yoyote ya sampuli, amua kwanza utakwenda sehemu ngapi. Chukua 384 ile ile uisambaze kwenye vitongoji 32, watu 12 kila kimoja. Kwa mfanano ule ule wa 0.05, unapata 1.55, na watu wako sasa wana uzito wa 248 badala ya 67. Hojaji ni zile zile na idadi ya siku za kuhoji inakaribiana. Kinachoongezeka ni nauli ya bodaboda, na nakusihi bajeti yako ianzie hapo. Tazama utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022: maeneo 629, kaya 26 tu kila eneo. Wangeweza kurundika watu kwenye maeneo machache wakaokoa mafuta mengi, lakini hawakufanya hivyo.

Ukifika kitongojini, omba orodha ya kaya. Orodha ya ofisi ya mtendaji mara nyingi imepitwa na wakati, kwa hiyo tenga siku ya kuzunguka na mwenyekiti mkiisahihisha. Msalimie, mheshimu, mweleze kazi yako, lakini usimwachie akuchagulie watu. Atakupeleka kwa wanaojieleza vizuri na wenye viti vya kukaribishia mgeni, tena kwa nia njema kabisa. Na usiyemkuta nyumbani, rudi jioni. Mimi nilikuwa nahoji kati ya saa nne na saa nane, wakati wenye mashamba ya mbali hawajarudi, na pengo hilo hakuna hesabu iliyoweza kuliziba.

Kuna jambo jingine nililolipata kwa yule yule mama wa mahindi. Nilipomuuliza mapato yake ya mwezi, akaacha kupukuchua akanitazama. “Mwezi upi, mwanangu? Wa kuvuna au wa kupalilia?” Nikamwomba akadirie. Akanipa namba ili niridhike, nami nikaiandika. Baadaye nikaitafutia wastani hadi senti. Siku hizi nauliza magunia: umevuna mangapi, umeuza mangapi, kwa bei gani, msimu upi. Hesabu naifanya mwenyewe.

Kuhusu nyota zenyewe, nitasema machache. Thamani ya p, namba ambayo nyota hutolewa kwayo, ikiwa chini ya 0.05 haisemi kwamba jambo ni kubwa wala kwamba lina maana kwa maisha ya mtu. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kulisema hili wazi. Andika tofauti ni shilingi ngapi na inaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi, msomaji apime mwenyewe. Chora pia majedwali yako yakiwa matupu kabla ya kwenda kazini. Jedwali usiloweza kulichora leo, data yake hutaikusanya.

Na kama pesa inatosha vijiji vinne tu, hilo si aibu. Badilisha swali. Usiandike kuhusu wilaya nzima, andika kuhusu vijiji hivyo vinne, kaa navyo, hudhuria mikutano ya vikundi, soma daftari zao za mikopo kwa ruhusa yao, ongea na watu 40 kwa saa nzima nzima badala ya watu 384 kwa dakika 20. Mimi niliishia kuandika upya sura ya nne na ya tano kwa njia hiyo. Nilirudi Kilosa mara mbili, na safari ya pili nilimkuta yule mama akiwa mweka hazina wa kikundi chake. Alinionyesha daftari, ukurasa kwa ukurasa, nani alikopa Januari kwa ajili ya sare za shule.