Kabla hujanunua droni, muulize mtunza stoo

Aisee, mi nimekaa kwenye stoo za misaada hapa Dar miaka kadhaa, Kurasini, Vingunguti, na kila mwaka lazima aje mtu na laptopu yake kutuonyesha teknolojia mpya. Sizipingi, nazipenda sana tu, ila zimeshanitia aibu.

Kuna safari tulipeleka mablanketi na ndoo kambini Kigoma. Shirika (silitaji) lilitununulia skana na mfumo wa kisasa, kila robota na stika yake ya QR. Huku Dar mambo safi, skana inalia piip, namba zinapanda. Kufika kule mtandao hamna, na mfumo haufunguki bila intaneti, halafu stika nyingi zimebanduka maana turubai lilichanika na mvua ikaingia, vijana wakarudi kwenye daftari lao. Ofisini kompyuta ikaendelea kusema mzigo uko njiani siku tisa nzima, wakati watu walishajifunika hayo mablanketi.

Kwahiyo ukiletewa mfumo, mwambie muuzaji azime data hapohapo mbele yako apokee mzigo wa majaribio. Mfumo ukigoma, arudi nao. Ule mzuri unahifadhi kwenye simu, ukikuta mnara unatuma wenyewe. Stika bandika mbili, na namba iandikwe kwa maka peni kubwa. Na anayepokea akiwa na kitochi, athibitishe kwa meseji ya kawaida, mbona hela tunatumiana bila simu janja?

GPS kwenye malori weka, ila itakwambia lori limesimama Vigwaza, haikwambii kama ni foleni ya mizani au dereva anakula. Namba ya utingo bado unaihitaji.

Droni sasa. Mwaka 2018 yalitangazwa majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa droni, kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40, mzigo kama kilo 4 hivi. Kilo 4 za dawa zinaokoa watu, kilo 4 za unga familia inamaliza chap. Mi naona kazi ya droni kwetu ni kuangalia zaidi kuliko kubeba, kama mradi wa Ramani Huria walivyofanya tangu 2015, wanafunzi na wakazi wakatumia na picha za droni kuchora ramani za mitaa inayofurika hapa Dar mpaka vichochoro na mifereji. Pale mtaa wa Jangwani pakijaa maji ramani kama hiyo ndo inakwambia Fuso ipite wapi na wapi mshushe mbebe kichwani.

Blokcheni nayo wanaiuliza sana, lile daftari la kompyuta linalotunzwa na wengi kwa pamoja, kikishaandikwa kitu hakifutiki. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, waliitumia kambini Azraq, Jordan, 2017, mkimbizi alikuwa anachukua chakula dukani kwa kuskaniwa jicho, na kwa malipo inaeleweka, benki inakula kidogo. Ila ukiniambia nihesabie magunia kwa blokcheni nitacheka, maana kuli akihesabu 480 badala ya 500 hilo kosa linaandikwa, na kulifuta huwezi.

Halafu jamani, pawabenki! Bajeti ina skana, ina leseni, ina semina hotelini, pawabenki hamna, saa saba mchana skana imezima na kijana wako yuko kwa muuza chipsi anaomba soketi.