Nikifikiria tu kushika maiki, natetemeka: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 24, nipo Tukuyu. Mwaka huu nimeajiriwa kuwa mhasibu wa chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa. Mwezi ujao kuna mkutano mkuu, natakiwa kusoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wanachama kama 200, wengi wao wazee wanaonijua tangu nikiwa mtoto. Sijawahi kushika maiki maishani. Nikiwaza tu, moyo unaenda mbio na mate yanakauka. Nimeanza kuona kazi hii siiwezi. Rafiki yangu anasema kuna vidonge vya kutuliza moyo, nimeze kimoja asubuhi hiyo. Naomba ushauri.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na vidonge, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Anachokisema rafiki yako huenda ni propranolol, dawa ya moyo na shinikizo la damu. Kweli inapunguza mapigo na kutetemeka. Lakini mtu mwenye pumu inaweza kumbana njia ya hewa hadi maisha yake yakawa hatarini, na mwenye kisukari inaweza kumficha dalili za sukari kushuka. Usimeze dawa ya kupewa na rafiki. Ukiona huwezi bila dawa, nenda hospitali daktari akupime kwanza. Na wapo watakaokushauri upate bia moja ya kutoa aibu: wakatalie. Pombe inalegeza ulimi, na wewe una tarakimu za kusoma.

Sasa tuone kinachokupata. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu: moyo unaongeza kasi, pumzi inakuwa fupi na kupanda kifuani, mate yanapungua, misuli ya koo inakaza. Sauti yetu inatokana na hewa inayopita kwenye nyuzi za kooni, kwa hiyo hewa ikiwa haba na koo limekaza, lazima iyumbe. Mwili wa mtu anayekimbizwa na mbwa hufanya hivyohivyo. Wewe umeyachukua mapigo ya moyo ukayafanya ushahidi kwamba kazi huiwezi, na hapo ndipo ninapokukatalia kabisa. Hesabu hizo umezifunga kwa mkono wako. Moyo kwenda mbio hakubadilishi hata senti moja.

Halafu, woga huo wengine hawauoni kama unavyodhani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu wanaotoa hotuba. Wasemaji walidhani woga wao unaonekana wazi, kumbe wasikilizaji waliuona kwa kiasi kidogo kuliko walivyodhani. Na waliodokezwa jambo hilo kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri zaidi. Ndiyo maana nakwambia mapema.

Kinachoonekana ni karatasi. Karatasi moja ukiishika kwa ncha za vidole, kidole kikicheza kidogo tu, pembe ya juu inapepea kama jani la mgomba. Ukiiona inapepea unazidi kuogopa. Iweke ndani ya faili gumu, shika kwa mikono miwili, viwiko viguse mbavu. Jaribu leo mbele ya kioo kwa namna zote mbili, utaona tofauti mwenyewe. Na vaa sweta: baridi ya huko kwenu nayo inatetemesha mikono, halafu mtu anadhani ni woga.

Kwenye taarifa yenyewe, andika kiasi kikubwa kwa maneno. Jicho lenye hofu linaruka sifuri. Badala ya 12,340,000 andika "milioni kumi na mbili, laki tatu na elfu arobaini", uweke alama ya mkwaju (/) kila mahali pa kuvuta pumzi.

Mazoezi ya kunong'ona chumbani hayatakufikisha mbali. Soma ukiwa umesimama, kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi. Kwanza msomee mama, kisha majirani watatu, kisha omba nafasi uisome mbele ya wajumbe wa bodi. Siku ya mkutano wahi, mwombe fundi wa vyombo akuwashie maiki ukumbi ukiwa bado mtupu. Ishike chini kidogo ya kidevu, na usiipulize.

Zamu yako ikikaribia, vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu 8. Mapigo hushuka wakati wa kutoa pumzi, ndiyo maana kutoa kuwe kurefu. Rudia kwa dakika tatu hivi. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi ya kawaida.

Ukisimama, usikimbilie taarifa. Wasalimie kwa Kinyakyusa: "Mugonile!" Hili nalipenda kuliko yote niliyokuandikia. Wazee watakuitikia, na katika sekunde hizo utakuwa umetoa pumzi, umeisikia sauti yako ukumbini, na wale uliowaogopa wamekupokea kama mtoto wao. Sentensi mbili za kwanza baada ya salamu zijue kwa moyo, zilizobaki soma.

Yakifika maswali, huenda mzee mmoja akasimama kuuliza juu ya makato ya mazao yake, na jibu huna papo hapo. Usibuni. Mwambie, "Mzee wangu, swali lako nimeliandika, nitakujibu kabla mkutano haujafungwa." Kisha liandike kweli, akikuona. Leja na faili la risiti viwe mezani, karibu na mkono wako.