Tairi za Mazda MX-5 inayotoka siku za jua tu
Ndugu, umeuliza kama MX-5 yako, gari dogo la michezo la paa la kufunguka, ambayo huko Uingereza hutoka siku za jua pekee, inahitaji tairi mpya ilhali mifereji ya zile za zamani bado ina kina. Tazama tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT (msimbo wa utambulisho) ubavuni mwa tairi: 2314 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na kwa umri huo ningezibadilisha zote nne, kwa sababu mpira uliokauka haushiki barabara vizuri, hasa mvua ikikukuta njiani. Chagua tairi za kiangazi, yaani zilizoundwa kwa hali ya joto, kwa vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji. Upana wa ziada huondoa wepesi wa usukani, ambao ndio utamu wa gari hili. Chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mpira wa tairi za kiangazi hukakamaa, hivyo asubuhi za baridi usiende kasi.