Ukibuni vigunduzi vya chembe, wewe ni mwanafizikia au fundi tu?

Mkuu, umeuliza kama mtu wa fizikia anayependa kubuni vigunduzi, yaani vyombo vya kunasa nyayo za chembe ndogo mno kama elektroni, anaweza kufika mbali, au ataishia kuwa fundi wa watu wa nadharia. Kazi hii ndiyo niliyoifanya tangu nimalize masomo, na nakwambia bila kusita: ni fizikia kamili.

Mtazame mwanafizikia Mfaransa Georges Charpak. Alizaliwa 1924 katika mji uliokuwa Poland wakati huo, akakulia Paris, na Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka Dachau, kambi ya mateso ya Wanazi. Aliponusurika alisomea utafiti katika maabara ya mwanafizikia Frédéric Joliot-Curie, akaingia CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, mwaka 1959. Enzi hizo chombo kikubwa kilikuwa chumba cha mapovu cha Donald Glaser: chembe inapita kwenye kimiminika, inaacha mstari wa mapovu, picha inapigwa, halafu watu wanakaa kukagua picha moja moja. Picha safi sana, ila mwendo wa kobe.

Mwaka 1968 Charpak na wenzake walitandaza nyaya nyembamba ndani ya gesi, zikiachana kwa milimita chache tu, kila waya na kikuza mawimbi chake cha transista. Chembe ikipita inang'oa elektroni kwenye gesi. Elektroni zinakimbilia waya ulio karibu, na zikiukaribia zinang'oa nyingine nyingi, hadi mpigo wa umeme unakuwa mkubwa wa kusomeka. Wengi waliamini nyaya zilizosogeleana hivyo zingeambukizana mipigo, usijue chembe imepita wapi. Kumbe ayoni chanya, yaani atomi za gesi zilizong'olewa elektroni, zinapoondoka, waya uliopokea elektroni unatoa mpigo hasi na majirani zake wanatoa chanya. Basi unawatofautisha! Fundi hodari anaweza kutandaza nyaya hizo, lakini kuliona hilo kunataka mtu anayeijua sumaku-umeme hadi mfupani. Mwaka 1992 akapewa Tuzo ya Nobel peke yake.

Kazi yenyewe ya kila siku inataka subira. Unavuta waya mwembamba kuliko unywele, unapima mkazo wake, unaulehemu, kisha unaukagua kwa hadubini, maana kipande cha vumbi kinatosha kuzua cheche ukipandisha volteji. Mimi hupenda zaidi hatua ya kuweka chanzo kidogo cha chuma-55, aina ya chuma chenye mionzi, juu ya dirisha la chemba, yaani kile chombo cha nyaya na gesi. Eksirei zake nyingi zina nishati ile ile, elektronivolti 5,900 hivi, kwa hiyo mipigo mingi kwenye oskiloskopu, kifaa kinachoichora kwenye skrini, ikiwa na kimo kimoja, unajua gesi ni safi na nyaya zimekaa sawa. Furaha yake sijaizoea hadi leo.

Ugumu upo, tena mkubwa. Chombo huchukua miaka kukijenga, na wanaochambua data mara nyingi hutajwa kabla yako. Hilo linaniuma, na ningependa vyuo vilirekebishe. Lakini milango ni mingi: Charpak mwenyewe baadaye alihamishia vigunduzi vyake hospitalini, kupiga picha za eksirei kwa mionzi kidogo.

Unapotafuta nafasi ya uzamili, waulize wanafunzi waliopo kama wanajenga chombo kwa mikono yao au wanapewa data tayari. Na anza sasa kusoma elektroniki ya mipigo midogo. Hiyo ndiyo huwakwamisha wengi ninaowapokea maabara.