Mahali pa kielezi katika sentensi ya Kiingereza
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mwalimu wako aliikosoa sentensi "I speak very well English", ilhali kwa Kiswahili twasema "nazungumza vizuri sana Kiingereza" bila kukosea. Sababu ni kwamba Kiingereza hakipendi kielezi, yaani neno linaloeleza kitendo kinafanyikaje, kiingie kati ya kitenzi na shamirisho yake, yaani kile kinachotendwa, hapa "English", kwa hiyo "very well" husubiri hadi mwisho: "I speak English very well". Kielezi kama "always", kinachoeleza jambo hutokea mara ngapi, hutangulia kitenzi kikuu, "The matatu always comes late", lakini hukifuata kitenzi "is": "The matatu is always late". Jozi hii isome kwa sauti kila asubuhi ukingoja matatu, mpaka sikio liizoee.