Miwani ya VR chuo cha urubani: weka hela kwenye vitasa kwanza

Mkuu, umeuliza kama chuo kinunue miwani minne ya VR (inayomwonyesha mvaaji kokpiti ya kuigiza pande zote) ili wanafunzi wa ndege ndogo ya Cessna 172S wapunguze saa za ndegeni. Kwenye kitabu cha saa za kuruka hazitapungua. Mamlaka ya usafiri wa anga huhesabu saa za kifaa kilichokaguliwa na kupewa daraja. Kifaa cha kwanza cha VR kupitishwa na EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya), mwaka 2021, kilikuwa cha helikopta ya Robinson R22, na kile kina jukwaa linalocheza na viongozeo vya kushika, si miwani peke yake. Faida yenu ni mwanafunzi kupanda ndege mikono ikijua njia.

Chukua injini kuzimika angani: kasi noti 68 (maili za baharini kwa saa), valvu ya kufunga mafuta isukumwe ndani, kiteuzi cha tangi BOTH (yote mawili), pampu ya ziada ON, mikscha (kitasa cha mchanganyiko wa mafuta na hewa) mbele, swichi ya injini BOTH. Ukitegemea kamera za miwani zisome vidole, mwanafunzi anabana hewa na programu inakubali. Ndegeni valvu ile inasukumwa, kiteuzi kiko chini na kinazungushwa. Mkono umejifunza uongo, na kuufuta kunakula avgas, yaani mafuta ya ndege.

Kwa hiyo nunueni miwani miwili. Hela inayobaki iende kwenye usukani, throto, pedali na ubao wa plaiwudi wenye vitasa halisi, hata vya ndege chakavu. Pimeni kwa tepu umbali wa kila kitasa kutoka kwenye kiti cha ndege yenu, kisha linganisheni kokpiti inayoonekana ndani ya miwani na ubao. Ikihama sentimita 2, mkono unakikosa kitasa. Kiti kikisogezwa, linganisheni upya.

Pale VR inapoipita simuleta ya skrini ni mzunguko wa uwanja (kuuzunguka uwanja wa ndege kabla ya kutua): mwanafunzi anageuza shingo kweli, anaona mwanzo wa njia ya kutua ukiwa nyuzi 45 nyuma ya bega, ndipo anakunja.

Kichefuchefu kitakuja. Picha ikikwamakwama, punguzeni mawingu na majengo, msiguse ukali wa paneli. Rekebisheni nafasi kati ya lenzi mbili kwa kila mtu (miwani ya Quest 2 ina hatua tatu tu: 58, 63 na 68 mm). Siku ya kwanza dakika 15 zinatosha, feni ikimpulizia usoni. Aliyechafukwa asirushe ndege siku hiyo.

Lenzi zisielekee dirishani hata mkiwa mapumziko ya chai. Jua linaunguza skrini. Ukuta mweupe mtupu nao unazipoteza kamera, bandikeni ramani.

Jukwaa la kutikisika liacheni kwanza. Sensa za miwani huhesabu mtikisiko wake kama kichwa kinachogeuka, na bila programu ya kufidia mwendo kokpiti nzima inaogelea.